SAFU YA ELIMU NA UFUNDI: Nukta Iliyopotea Baina ya Aziziya Mbili

Ndugu wasomaji wetu wa Aziziya ya Jeddah na wa Aziziya ya Riyadh, pamoja na nyote mnaokipata kijarida hiki kwa mkono wa jirani,

Safu ya mwezi huu inaanza kwa kuomba radhi. Katika toleo lililopita tulichora transfoma yenye koili mbili za kuingizia umeme, tukaeleza jinsi ya kuziunga ili mashine ya volti 115 ipate kutumika katika nyumba yenye volti 230. Pembeni mwa kila koili tuliweka nukta moja ndogo ya wino. Mchoro wa asili ulikuwa sahihi. Lakini kijarida chetu, kama mnavyojua, hutolewa kwa mashine ya kunakili. Nakala za Jeddah hutolewa kwenye karatasi ya asili. Kisha nakala moja hupakiwa katika basi, ikasafiri kilomita zipatazo 950 mpaka Riyadh, na huko hunakiliwa tena kwa ajili ya ndugu zetu wa upande ule. Wao, kwa hiyo, husoma nakala ya nakala.

Katika safari hiyo nukta moja ilififia ikatoweka. Hilo peke yake lingekuwa nafuu, kwa kuwa msomaji angeona upungufu akauliza. Lililotokea lilikuwa baya zaidi: chembe ya uchafu iliyokuwa juu ya kioo cha mashine iliacha alama yake kwenye ncha ya pili ya koili ileile. Mchoro uliofika Riyadh ukawa na nukta mbili kamili, safi, za kuaminika. Ila moja kati yake haikuwa yetu.

Mama mmoja wa Aziziya ya Riyadh, mshonaji wa mabuibui na nguo za watoto, alikuwa amehamia jengo jipya lenye volti 230. Cherehani yake ya umeme ni ya volti 115, na ndiyo inayomlipia kodi na karo ya watoto. Alinunua transfoma iliyokwisha kutumika, yenye nyaya nne za kuingizia zisizo na maandishi yanayosomeka, akampa jirani yake aiunge kwa kufuata karatasi yetu. Jirani huyo ni mtu mwangalifu; alifuata mchoro neno kwa neno. Walipowasha, transfoma iliguruma, ikanuka varnishi iliyoungua, na moshi ukatoka kabla swichi ya usalama haijakata. Cherehani ilisalimika. Transfoma haikusalimika, na kazi ya wiki nzima ilisimama huku wenye nguo wakipiga simu.

Tumeilipa transfoma ile kutoka katika mfuko wa kijarida. Ndiyo sababu toleo hili lina kurasa chache kuliko kawaida. Mmoja wetu aliyekuwa na safari ya Riyadh alikwenda kumwomba radhi mama yule mwenyewe. Alipokelewa kwa kahawa na kwa swali moja tu: "Sasa mwanangu, ikiwa karatasi yaweza kusema uongo, mimi nitajuaje?" Makala haya ni jibu letu kwa swali hilo. Mwezi huu hatutachora kitu. Tutaeleza kwa maneno, kwa maana maneno yakififia hubaki na maana yake, na nukta ikififia haibaki na kitu.

NUKTA NI NENO GANI?

Watoto wetu wanaosoma hapa hujifunza mapema kwamba herufi za ba, ta na tha za Kiarabu ni bakuli moja. Ikiwekwa nukta moja chini ni ba; zikiwekwa mbili juu ni ta; zikiwa tatu juu ni tha. Ukizifuta nukta, bakuli limebaki lakini herufi imepotea. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi hizo walilijua tatizo hili vema, kwani mara nyingi herufi moja ilibebeshwa sauti zaidi ya moja, na msomaji alilazimika kuijua lugha kabla ya kuisoma.

Katika michoro ya umeme hali ni hiyohiyo. Koili huchorwa kama mstari uliojikunja mara chache, na koili mbili zilizo jirani huchorwa zikitazamana. Mchoro huo hauonyeshi kama waya umezungushwa juu ya kiini cha chuma kwa kuelekea kulia au kushoto. Jambo hilo limefichika ndani ya transfoma, chini ya karatasi na varnishi, wala jicho halilioni. Nukta ndiyo inayolisema.

Tuanze na msingi wake. Umeme ukipita katika koili huzaa sumaku ndani ya kiini. Kuujua mwelekeo wa sumaku hiyo, kunja vidole vya mkono wako wa kulia vifuate njia ya mkondo unavyozunguka. Kidole gumba kitakuonyesha sumaku inakoelekea. Sasa chukua kiini kimoja chenye koili mbili. Ingiza mkondo, kwa mawazo tu, katika ncha moja ya koili ya kwanza, na utazame kidole gumba kinaelekea wapi. Itie nukta ncha hiyo. Kisha nenda kwenye koili ya pili, utafute ni ncha ipi ambayo mkondo ukiingia hapo, kidole gumba kitaelekea upande uleule kando ya njia ya sumaku katika kiini. Itie nukta nayo. Umemaliza. Nukta mbili husema hivi: mikondo ikiingia kwenye ncha hizi mbili, sumaku zake zitasaidiana.

Wazee waliokiona kinu cha kushindika simsim kikizungushwa na ngamia wataelewa upesi. Ukiwafunga ngamia wawili katika kinu kimoja wakielekea njia moja, kinu huzunguka kwa nguvu zao wote. Ukimgeuza mmoja, nguvu hazijapungua hata kidogo, lakini kinu kimesimama. Nukta ni alama ya kichwa cha ngamia.

Na hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Nukta moja haina maana peke yake. Ukizihamisha zote mbili kwa pamoja, kila moja kwenye ncha nyingine ya koili yake, hujabadili kitu, sawa na kuwageuza ngamia wote wawili. Ukiihamisha moja tu, umesema kinyume cha ulichokusudia. Hivyo ndivyo ilivyofanya chembe ya uchafu.

KUTOKA SUMAKU KWENDA VOLTI

Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alikuwa na pete ya chuma aliyoizungushia koili mbili zisizogusana. Koili moja aliiunga na betri, ya pili na kifaa chenye mshale. Alipounga betri, mshale ulishtuka kisha ukatulia. Betri ilipokuwa imeungwa na mkondo umetulia, mshale haukusema lolote. Alipoikata, mshale ulishtuka tena, kuelekea upande wa pili. Akatambua kwamba kinachozaa umeme katika koili ya pili ni badiliko la sumaku; kuwapo kwake tu hakutoshi. Mwanasayansi wa Marekani, Joseph Henry, aligundua mambo ya namna hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe, na jina lake likapewa kipimo tunachokitumia: henri.

Uwezo wa koili kujizalia volti mkondo wake unapobadilika huitwa induktansi, na huandikwa L. Uwezo wa koili kuzaa volti katika koili jirani huitwa induktansi ya baina, na huandikwa M. Vyote viwili hupimwa kwa henri. Hivyo volti ya kila koili ina mafungu mawili: fungu lake mwenyewe, yaani L mara kasi ya badiliko la mkondo wake; na fungu la jirani, yaani M mara kasi ya badiliko la mkondo wa jirani.

Swali la mtihani ni hili: fungu la jirani linajumlishwa au linatolewa? Wanafunzi wetu wapendwa, msikariri mchoro. Karirini hukumu moja. Chagueni mwelekeo wa mkondo katika kila koili. Ikiwa mikondo yote miwili inaingia kwenye nukta, au yote miwili inatoka kwenye nukta, M huchukua alama ileile ya L. Ikiwa mmoja unaingia kwenye nukta na mwingine unatoka, M huchukua alama ya kinyume. Hakuna hukumu ya tatu.

Tuijaribu. Tuna koili mbili, ya kwanza ya henri 4, ya pili ya henri 9, na induktansi ya baina yao ni henri 3. Tunaziunga kwa mfuatano, mkondo mmoja upite katika zote mbili. Ikiwa mkondo huo unaingia kwenye nukta katika koili zote mbili, kila koili inapokea msaada wa jirani yake. Jumla ni 4 na 9, pamoja na 3 mara mbili: henri 19. Tunaizidisha M mara mbili kwa sababu msaada unatolewa na pande zote mbili. Sasa tuigeuze koili ya pili, mkondo utoke kwenye nukta yake. Jumla inakuwa 4 na 9, kutoa 6: henri 7. Koili ni zilezile, waya ni uleule, kiini ni kilekile, na tofauti ni henri 12. Ukiigawa tofauti hiyo kwa 4 unapata 3, ambayo ndiyo M. Hivyo ndivyo M inavyoweza kupimwa katika maabara: pima zikisaidiana, pima zikipingana, toa, kisha gawa kwa 4.

BARUA YA MWANAFUNZI

Kijana wetu mmoja wa Jeddah, anayesoma uhandisi usiku baada ya kazi, alituandikia kwa uchungu. Anasema: "Walimu wanatufundisha kanuni ya Lenz, kwamba umeme unaozaliwa hulipinga badiliko lililouzaa. Kisha wanatuambia kwamba mkondo ukiingia kwenye nukta ya kwanza na kuongezeka, nukta ya pili nayo huwa chanya. Ikiwa koili ya pili inapinga, kwa nini inakubaliana?"

Swali hili ni zuri, na tunaamini wengi wamefeli kwa kuona haya kuliuliza. Jibu ni kutenganisha volti na mkondo. Mkondo unaoingia kwenye nukta ya kwanza ukiongezeka, nukta ya pili huwa chanya ikilinganishwa na ncha ya mwenziwe. Hiyo ni volti. Sasa unga taa kwenye koili ya pili. Kwa kuwa nukta yake ni chanya, mkondo utatoka katika nukta hiyo, upite kwenye taa, na kurudi kwa ncha ya pili. Tazama basi: katika koili ya kwanza mkondo unaingia kwenye nukta, katika koili ya pili unatoka kwenye nukta. Mmoja unaingia, mwingine unatoka. Sumaku zake zinapingana. Lenz ametiiwa, wala nukta haikusema uongo. Kijana wetu, ukililala usingizi jambo hili moja, asubuhi utaamka nalo ni lako.

KWA NINI TRANSFOMA YA MAMA ILIUNGUA

Turudi Riyadh. Transfoma ile ina koili mbili za kuingizia zilizo sawa, kila moja ya volti 115. Katika nyumba ya volti 115 huungwa sambamba, nukta kwa nukta. Katika nyumba ya volti 230 huungwa kwa mfuatano, ncha isiyo na nukta ya koili ya kwanza ikikutana na ncha yenye nukta ya koili ya pili, ili mkondo uingie kwenye nukta mara zote mbili.

Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba kila koili ina induktansi ya henri 4. Kwa kuwa zimezungushiwa kiini kimoja cha chuma, induktansi ya baina nayo ni karibu henri 4. Zikiungwa sawasawa, jumla ni 4 na 4 na 8: henri 16. Kwa umeme wa hapa, ambao hukamilisha mizunguko 60 kila sekunde, henri 16 huuzuia mkondo sawa na ukinzani wa om zaidi ya 6,000. Transfoma isiyofanya kazi yoyote, ikiwa na volti 230, itanywa chini ya ampea 0.04.

Zikiungwa kinyume, jumla ni 4 na 4 kutoa 8. Hakuna kitu. Sumaku ya koili moja inaifuta sumaku ya nyingine, na kinachobaki kuuzuia umeme ni ukinzani wa waya wenyewe tu. Tukisema kila koili ina om 3, jumla ni om 6, na volti 230 zitasukuma ampea zipatazo 38. Kutoka ampea 0.04 hadi 38 ni takriban mara elfu moja, na waya wa ndani ulikadiriwa kubeba ampea moja au mbili. Varnishi inayohami waya haiwezi kustahimili hayo kwa muda mrefu; swichi ya usalama nayo, ikiwa ni ya ampea 20 au 32, huenda ikangoja kwa muda kabla ya kukata. Ni muda huo uliotosha.

Hata kuungwa sambamba hakusamehe kosa hili. Nukta ikiungwa na ncha isiyo na nukta, kila koili huifuta sumaku ya mwenziwe vilevile, na moshi ni uleule.

KUIULIZA KOILI YENYEWE

Sasa swali la mama: nitajuaje? Jibu ni kutoiuliza karatasi, ya kwetu wala ya mwingine yeyote, bali kuiuliza koili. Inahitajika betri moja ya tochi ya volti 1.5 na mita ya fundi, hasa ile ya zamani yenye mshale. Transfoma iwe imechomolewa kabisa ukutani, na nyaya zake za kuingizia zisigusane.

Kwanza, zitambue koili. Weka mita kwenye kipimo cha om na ujaribu nyaya mbilimbili. Zile zinazopitisha umeme baina yake ni ncha za koili moja. Zipe majina kwa vipande vya karatasi: koili ya kwanza ina ncha 1 na 2; koili ya pili ina ncha 3 na 4.

Pili, weka mita kwenye kipimo kidogo cha volti za betri. Waya mwekundu wa mita uunge na ncha 3, mweusi na ncha 4. Upande hasi wa betri uunge na ncha 2. Kisha gusisha upande chanya wa betri kwenye ncha 1, huku mwenzako akiutazama mshale.

Tatu, soma mshtuko wa kwanza tu. Mshale ukiruka kulia wakati wa kugusisha, ncha 1 na ncha 3 ni za nukta. Ukiruka kushoto, ncha 1 na ncha 4 ndizo za nukta. Utakapoondoa betri mshale utaruka upande wa pili. Usiujali, maana huo ni mshtuko wa kukata. Rudia mara tatu. Majibu yakiwa yale yale, tia alama ya rangi isiyofutika.

Tahadhari moja: usizishike kwa vidole sehemu za nyaya zilizo wazi unapoondoa betri. Betri ni ndogo, lakini koili yenye mizunguko mingi inapokatiwa mkondo ghafla huzaa volti nyingi kwa kitambo, nayo humuuma mtu. Shika penye mpira.

Wasomaji makini wameona tayari kwamba jaribio hili ndilo la Faraday mwenyewe: betri, koili mbili, chuma na mshale. Karibu miaka mia mbili imepita, na bado ni shahidi wa kutegemewa kuliko maandishi ya kibandiko.

Mwisho, kabla ya kuiamini transfoma kwa umeme wa ukutani, mafundi wa zamani walikuwa na hila njema. Huiunga kwa mfuatano na taa ya nyuzi ya wati 100 inayofaa volti za nyumba hiyo. Koili zikiwa zimeungwa sawasawa, taa haiwaki au huonyesha wekundu hafifu tu. Zikiwa kinyume, taa huwaka kwa nguvu zake zote, na ni taa inayoupokea umeme ule badala ya koili kuungua. Taa za kisasa zisizo na nyuzi hazifai kwa kazi hii. Na kazi yoyote ya umeme wa ukutani iachiwe fundi. Sisi tunamwomba msomaji aizijue nukta zake, hatumwombi ahatarishe uhai wake.

KWA WANAOHAMA NA WANAOREJEA

Tumeulizwa kwa nini tunaandika habari za transfoma katika kijarida cha familia. Ni kwa sababu sisi ni watu wa kuhama, na vyombo vyetu huhama nasi. Kwa miaka mingi nchi hii iligawa majumbani volti 127 na 220, na mwaka 2010 Baraza la Mawaziri liliamua kuhamia volti 230 na 400 kwa awamu. Kwa hiyo familia inayotoka jengo la zamani kwenda jipya yaweza kukuta soketi zimebadilika bila kuvuka mpaka wowote. Na anayerejea nyumbani atakuta volti 230 Tanzania na 240 Kenya.

Anayerejea akumbuke pia kwamba umeme wa hapa ni wa mizunguko 60 kwa sekunde na wa kwetu ni wa 50. Transfoma hubadili volti, haibadili mizunguko. Tena transfoma iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 pekee, ikipewa volti zilezile kwa mizunguko 50, hubebeshwa sumaku iliyozidi kwa asilimia 20 katika kiini chake, nayo huweza kupata joto la hatari. Soma kibandiko kabla ya kufunga sanduku. Kikiandikwa 50/60, safiri nacho kwa amani.

Tumalizie na mama yetu. Transfoma ya pili ilipopatikana, ndugu yetu alikaa naye sebuleni, betri ikiwa mkononi mwa mama na mita mikononi mwa binti yake wa miaka kumi na miwili. Mara ya kwanza binti alisema kulia. Mara ya pili alisema kulia. Mara ya tatu mama aligeuza betri makusudi bila kumwambia, na binti akasema, "Mama, safari hii kushoto." Hapo tulijua kwamba wameelewa wote wawili. Mama alitia nukta mbili kwa rangi ya kucha, nyekundu, kubwa kiasi cha punje ya mtama. Taa ya majaribio ilibaki gizani. Cherehani ikalia, naye akainama kazini, maana nguo za watu zilikuwa zimechelewa.

Tunaomba kila mwenye toleo la mwezi uliopita afungue ukurasa wa safu hii na aupige mchoro wetu mistari miwili ya kalamu, asije mwingine akaufuata. Waliompa jirani nakala, wamwendee jirani. Kosa lilikuwa letu. Mkituazima kalamu zenu tutalifuta pamoja.

Maswali yapelekwe kwa wasambazaji wetu, wa Jeddah na wa Riyadh, kabla ya mwisho wa mwezi.

Wasalaam.